Mazoezi ya kikapu ya jioni hapa Kigoma: pointi 19 za kijana mrefu zina ukweli kiasi gani?

Kwa miezi mitatu nimemlipia mpwa wangu ada ya mazoezi ya mpira wa kikapu yanayoendeshwa na kocha mmoja hapa Kigoma mjini, kwenye uwanja wa saruji ulio katika mteremko wa kuelekea ziwani. Kwa kuwa wazazi kadhaa wa Mwanga, Gungu na Ujiji wameniuliza kama wawapeleke watoto wao, na kwa kuwa ripoti ambayo kocha huyo anawaonyesha wazazi wapya ni ya huyuhuyu mpwa wangu, nimeona ni haki niandike nilichokiona na nilichokihesabu. Ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa siku tatu za wiki, kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi jua linapozama upande wa Kongo. Kocha simtaji jina, kwani sehemu ya maelezo haya ni malalamiko na yeye hayupo hapa kujibu.

Kijana ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na siku tulipoanza alikuwa na urefu wa sentimita 199 bila viatu, kipimo nilichokichukua mwenyewe kwa futi kamba nikiwa nimemsimamisha kwenye fremu ya mlango wa sebuleni. Mimi si kocha. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa mezani nikijaza karatasi za matokeo katika mashindano ya shule na ya mitaa, na pembeni ninaweka daftari langu la dakika za kuingia na kutoka, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), bloku (mitupo ya mpinzani iliyozuiwa) na pasi za mwisho, mambo ambayo karatasi rasmi haina nafasi nayo. Situpi nakala hata moja. Dada yangu, mama wa kijana, ambaye anauza dagaa Kibirizi, husema kwamba nyumba yangu itakuja kuungua kwa sababu ya makaratasi.

Mwisho wa mwezi wa tatu kocha alitutumia ripoti kwa WhatsApp. Juu ilikuwa na picha ya kijana akiwa ameninginia kwenye ringi kwa mikono miwili, na chini yake maneno kwamba amepanda kutoka wastani wa pointi 6 hadi pointi 19 kwa mechi, kisha jina ambalo kila kijana mrefu wa Tanzania hubandikwa: Hasheem mpya. Dada alinipigia simu akiwa bado sokoni, nikisikia kelele za mizani na wachukuzi nyuma yake, akaniuliza, “Kaka, hii kweli au ni maneno ya kututoa hela ya mwezi mwingine?” Nilimwambia anipe siku mbili, nikashusha jalada.

Hesabu ya kocha haikuwa na kosa. Katika mechi tano za kabla ya mazoezi kijana alifunga 8, 4, 7, 6 na 5, jumla 30; katika mechi tano za mwisho alifunga 27, 24, 21, 11 na 12, jumla 95. Sita na kumi na tisa ni wastani sahihi. Lakini daftari la pembeni linasema kwamba mechi tano za kwanza alicheza dakika 70 kwa jumla, na tano za mwisho dakika 170, na mtu anayekaa uwanjani muda zaidi ya mara mbili atafunga zaidi hata kama hajajifunza kitu. Kwa mwendo wake wa zamani, dakika 170 zingempa pointi 73 hivi. Kati ya pointi 65 zilizoongezeka, basi, 43 zimeletwa na saa ya mezani, na zinazobaki 22 ndizo za kujadiliwa.

Hivi ndivyo wanavyopimwa hata wakubwa. Pascal Siakam wa Kamerun, aliyechaguliwa wa 27 tu mwaka 2016 timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, zilipokuwa zikigawana vijana wapya, alipanda kutoka pointi 7.3 kwa mechi katika msimu wa 2017/18 hadi 16.9 katika msimu uliofuata, akapewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika NBA. Dakika zake nazo ziliongezeka, kutoka karibu 21 hadi karibu 32, lakini ukigawa pointi kwa dakika unakuta mwendo wenyewe umepanda kwa takriban nusu, na tena alikuwa akilenga vizuri zaidi ingawa alikuwa akirusha mara nyingi zaidi. Mtu anayeongezewa kazi na ulengaji wake ukapanda, huyo amejifunza kitu.

Kwa mpwa wangu mambo hayakuwa hivyo. Mechi tatu kati ya tano za mwisho, zile za 27, 24 na 21, zilichezwa dhidi ya timu ambazo mchezaji wao mrefu kuliko wote alinifikia mimi begani, na mimi si mrefu wa kutajwa. Katika mechi hizo alikuwa akipokea mpira chini ya kikapu na kuuweka ndani kama mtu anayeweka sahani kabatini. Mechi mbili zilizobaki zilikuwa dhidi ya timu zenye masenta, yaani wachezaji warefu wa chini ya kikapu, wa kimo chake, kama zilivyokuwa zote tano za mwanzo, na katika hizo mbili alipata pointi 23 kwa dakika 68, wakati mwendo wake wa zamani ungempa 29. Kwa maneno mengine, ukimpima dhidi ya watu wa kimo chake na kuangalia pointi peke yake, kijana amerudi nyuma kidogo.

Na kwa kuwa jina la Hasheem Thabeet limetajwa, litumike ipasavyo. Mwana huyo wa Dar es Salaam, mwenye sentimita 221, alianza kikapu akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko wastani wake ulipanda kwa misimu mitatu kutoka 6.2 hadi 10.5 hadi 13.6. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili kati ya vijana wote wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na wastani wake wa maisha katika ligi hiyo ukaishia pointi 2.2. Mimi sisemi kwamba alichokionyesha chuoni kilikuwa cha uongo, kwani bloku zaidi ya nne kwa mechi hazipatikani kwa bahati. Kilichobadilika ni waliosimama mbele yake. Kocha anayeandika jina hilo kwenye ripoti ya mtoto wa kidato cha tatu angepaswa kuwaeleza wazazi historia nzima, nusu ya pili pamoja na ya kwanza.

Ningeishia hapo, maelezo haya yangekuwa ya kulalamika tu, na dada angeokoa shilingi 25,000 zake. Lakini swali moja lilinikera: kwa nini mechi za mwanzo alikuwa akicheza dakika 14 tu? Si kwamba mwalimu wa shule hakumtaka. Nilirudi kwenye karatasi rasmi, kwenye vile visanduku vitano vya faulo mbele ya kila jina, nikaona kwamba katika mechi tano za kwanza alifanya faulo 5, 5, 3, 5 na 3. Mara tatu katika mechi tano alitolewa kabisa, na mara mbili zilizobaki aliwekwa benchi akiwa na faulo tatu ili asitolewe. Katika mechi tano za mwisho alifanya 2, 3, 2, 4 na 3, hakutolewa hata mara moja. Wenye kutaka ushahidi usio na shaka walinganishe wapinzani wa kimo kilekile peke yao: dakika 70 za zamani, faulo 21, dakika 68 za sasa, faulo 7. Waamuzi walikuwa walewale wawili, na mmoja wao si mtu wa kumwonea huruma mchezaji mrefu.

Hofu yangu iliyofuata ilikuwa kwamba kijana ameacha kuzuia, kwamba sasa anasimama kama nguzo ya umeme na kuwapisha watu wapite. Daftari linakataa. Katika dakika zile 70 alikuwa na bloku 9, na katika zile 68 ana 8. Anazuia karibu sawa na zamani kwa theluthi ya faulo. Kwa hiyo dakika ambazo hapo juu nilizihesabu kama zawadi ya saa hazikuwa zawadi. Amezipata kwa kujifunza kubaki uwanjani, na kwa mchezaji mrefu wa umri wake hilo ndilo somo la kwanza na pengine gumu kuliko yote.

Nilikwenda kuangalia linavyofundishwa. Kocha anampa kijana chupa mbili za maji za lita moja, zimejaa, moja kila mkono, anamsimamisha mbele ya kikapu mikono ikiwa juu, kisha watoto wafupi wanamjia mmoja baada ya mwingine kwa kasi na kufunga. Hatakiwi kuangusha chupa wala kushusha kiwiko. Anachoruhusiwa ni kusogeza miguu na kuruka wima. Zamani, mtu akimjia, alikuwa akishusha mkono kutoka juu kama anayeua nyoka kwa fimbo, na mwamuzi hakuwa na la kufikiri. Sheria inampa mchezaji nafasi aliyosimamia pamoja na hewa iliyo juu yake, na anayeruka wima ndani ya nafasi hiyo hana kosa hata kifua kikigongana na kifua. Chupa zile zinaufundisha mwili sheria hiyo bila maelezo mengi. Baada ya wiki tatu chupa ziliondolewa na mikono ikabaki palepale. Jioni moja nilimwona akijiwa na mtoto mmoja mwepesi sana, akapiga hatua mbili za ubavu, akaruka wima, mpira ukagonga viganja vyake na kurudi. Hakuupiga. Uliupata mkono ukiwa tayari pale.

Hili halimo kwenye ripoti hata kwa neno moja. Kocha amefanya kazi nzuri kisha akauza nyingine.

Kuhusu mitupo huru, ile ya baada ya faulo ambayo mtu hulenga bila kuzuiwa, ripoti ina video ya mitupo 10 ambayo kijana anapata 8, na maelezo kwamba zamani alikuwa akipata nusu. Mchezaji anayepata nusu ya mitupo yake, ukimpa mitupo 10 kila siku, kwa bahati tupu atapata 8 au zaidi takriban mara moja katika kila siku 18. Kwa mazoezi ya siku tatu kwa wiki, kocha anayewasha simu kila jioni anaipata siku hiyo ndani ya mwezi na nusu bila kufundisha chochote. Kabla hatujaanza nilimhesabia mitupo 100 kutoka kwenye mstari ulio mita 4.6 kutoka ubaoni, akapata 48. Juzi nimemhesabia mingine 100, akapata 57. Tofauti ya 9 kwa idadi hiyo bado ni ndogo, na sitashangaa akirudi 50 Jumamosi ijayo bila kuwa amesahau lolote, hasa kwa kuwa kiwiko chake bado kinafunguka nje kama mlango uliolegea bawaba. Brook Lopez, senta wa Marekani, alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu, ile ya kutoka mbali, katika misimu yake minane ya kwanza ya NBA, kisha katika msimu wa 2016/17 akafunga 134, na akaendelea hivyo miaka iliyofuata. Mabadiliko ya ulengaji yakiwa ya kweli huonekana kwa mamia ya mitupo, na huwa hayakimbii.

Jambo lingine ninalolikubali ni pasi. Katika mechi tano za kwanza alikuwa na pasi moja tu iliyozaa pointi. Katika tano za mwisho ana 9, na sita kati ya hizo zilitoka katika zile mechi mbili ngumu. Idadi ni ndogo, na ingekuwa idadi peke yake nisingeishikilia, lakini sababu inaonekana kwa macho: zamani akipokea mpira aliushusha hadi kiunoni, mahali ambapo watoto wafupi huuokota kama embe lililoanguka, na sasa anauweka juu ya kidevu, viwiko nje, anageuza kichwa kwanza ndipo anaamua. Wakimkaba wawili anamwona wa tatu aliyeachwa. Hili pia linapunguza pointi zake mwenyewe, na sehemu ya zile pointi 6 zilizopungua katika hesabu yangu nadhani zimekwenda kwa wenzake.

Mkono wa kushoto haujaguswa. Kila akipokea mpira chini ya kikapu anageukia bega lake la kulia, na katika mechi zote mbili ngumu walinzi waligundua hilo kabla ya robo ya pili kwisha, wakawa wanamsubiri upande huo. Pointi 7 kati ya 11, na 9 kati ya 12, zilipatikana kabla ya mapumziko. Miezi mitatu ni muda wa kutosha kuanza somo hilo.

Sasa malalamiko. Kocha alipiga alama ya chaki ukutani siku ya kwanza, mahali ambapo vidole vya kijana vilifika aliporuka, na nyingine siku ya mwisho, sentimita 8 juu yake. Katika muda huo kijana amerefuka sentimita 2. Nimempima kwenye fremu ileile. Siku ya kwanza aliruka akiwa na raba zilizokwisha, zenye soli ya sentimita moja, na siku ya mwisho alivaa viatu vya mtumba namba 48 tulivyovipata soko la Mwanga kwa shilingi 55,000, zaidi ya ada ya miezi miwili, vyenye soli ya sentimita 3. Zinabaki sentimita 4 za mazoezi, ambazo si haba, na dada anadai kwamba nazo ni za ugali wa muhogo na migebuka wala si za kocha. Ile picha ya kuninginia nayo ina lake: ringi ya upande wa chini wa uwanja imelala, nimeipima ikiwa mita 2.97 badala ya 3.05. Ukimtaka aninginie kwenye ringi ya upande wa juu, anagusa tu.

Kubwa zaidi ni goti. Kwa wiki tano za kwanza watoto warefu walirushwa mara 60 kila jioni juu ya saruji, na kijana akaanza kuumwa chini ya pia ya goti, maumivu yanayowapata sana vijana wanaorefuka huku wakiruka kila siku. Nilipomweleza kocha, alinijibu, “Mzee, goti la mwanaume linazoea.” Nilimpumzisha wiki mbili bila ruhusa yake, tukaenda kwa daktari, naye akasema apunguze kuruka. Baada ya hapo, niseme ukweli, kocha alipunguza hadi mara 20 na kuhamishia mengine kwenye nyasi za pembeni, lakini ada ya zile wiki mbili hakuirudisha wala kuifidia. Anayempeleka mtoto anayekua haraka aulize mapema ataruka mara ngapi na juu ya nini.

Mengine ni madogo. Mipira ni mitano kwa watoto 19, miwili kati yake imechunika ngozi, na ukikosa pasi upande wa chini mpira unashuka mteremko na mazoezi yanasimama hadi mtoto aliyeufuata arudi. Risiti haitolewi; pesa inakwenda kwa simu na ujumbe wa mtandao ndio ushahidi wako. Muda wa kuanza unaheshimiwa, jambo ambalo sikulitarajia.

Kwa mzazi mwenye kijana mrefu ambaye kila mechi anamaliza akiwa benchi na faulo tano, nasema alipe, kwani sijaona mahali pengine mjini hapa panapofundisha kuzuia kwa namna ile, na mwezi mmoja na nusu ulitosha kuonyesha tofauti. Kwa mwenye mtoto mfupi anayetaka kujifunza kudunda mpira na kulenga kutoka mbali, nasema asubiri: watoto hao, kwa jinsi nilivyoona, wanatumika zaidi kama wa kumjia yule mwenye chupa.

Dada amelipa mwezi wa nne. Nilikwenda mwenyewe kumkabidhi kocha ujumbe kwamba tunataka mkono wa kushoto, na kwamba safari hii ripoti iwe na safu ya faulo. Alilitazama daftari langu kwa muda, akafuata mstari wa 21 na 7 kwa kidole, akacheka. “Mzee, hii mimi mwenyewe sikuihesabu,” akasema. Kisha akaniomba nimpigie picha ya ukurasa huo.